Mashine Kuukuu si Mashine Mbovu: Juu ya Tafsiri za Msamiati wa Kompyuta

Tafsiri nyingi za habari za kompyuta zinazopita mikononi mwetu hapa Dodoma zina kasoro moja ambayo hatuna budi kuitaja. Husema kwamba mfumo endeshi fulani "unaunga mkono" maunzi mapya na "hauungi mkono" ya zamani. Katika mji huu lilipo Bunge, kila mtu ajua kuunga mkono ni nini: ni tendo la hiari la mjumbe aliyesikia hoja akaridhika nayo. Mfumo endeshi haukusikia hoja yoyote. Ama umebeba maelekezo ya kuwasiliana na kifaa, ama haukuyabeba.

Twaonelea kitenzi "kuhimili" chafaa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna uzito, na uzito huo ni wa kweli. Kila kifaa cha zamani kinachohimiliwa chadai maelekezo yake yatunzwe, na yajaribiwe tena mfumo unapobadilishwa, na mtu ambaye bado anayo mashine yenyewe. Linux ilianza mwaka 1991 juu ya prosesa ya Intel 386. Toleo lake la 3.8, lililotoka Februari 2013, liliacha kuihimili prosesa hiyo hiyo. Mfumo wa Haiku, ulioanza mwaka 2001 na ambao kwa sehemu kubwa hutengenezwa na watu wa kujitolea, umeshika njia nyingine. Una toleo la biti 64 kwa mashine za sasa, na toleo la biti 32 ambalo bado laweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya BeOS, mfumo uliokwisha kuachwa na wenyewe. Watu wachache, mizigo miwili.

Watu hao waitweje? Wako wanaowaita "waraibu". Vitabu vya shule vya Kenya vimetumia "uraibu" kwa maana ya jambo alipendalo mtu wakati wa mapumziko, lakini msomaji wa Tanzania wa leo akiliona neno hilo hufikiria dawa za kulevya. Na neno tunalo, tena viwanjani: ngumi za ridhaa ni za wasiopigana kwa ajili ya mshahara. Yafaa basi kusema mfumo endeshi wa ridhaa.

Tafsiri inayotia hasara hasa ni "kupitwa na wakati". Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mashine nyingi zilizo nzima hazikukidhi masharti ya Windows 11. Afisa ugavi akiandikiwa kwamba mashine hizo zimepitwa na wakati, ataziondoa daftarini. Akiandikiwa kwamba hazihimiliwi na Windows 11, atauliza kama uko mfumo mwingine unaozihimili, nao upo. Jibu la swali hilo laweza kuwa chumba kizima cha kompyuta katika shule moja ya Kongwa au Bahi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kidonda hicho hulipiwa kwa fedha za umma.

Wakazi wa Dodoma wanao mfano karibu. Tangu Julai 2024 treni za umeme zafika hapa juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435, na reli ya zamani ya milimita 1,000 ingalipo. Behewa la reli ya zamani haliwezi kupita juu ya mpya, wala hakuna aitaye hilo ubovu. Vipimo havioani, basi.

Tena mashine yaweza kuwa mpya kabisa na isihimiliwe. Mifumo ya ridhaa mara nyingi huchelewa kuvihimili vifaa vipya vya mawasiliano yasiyo na waya, kwa kuwa watengenezaji wa vifaa hivyo hawakutoa maelezo ya utendaji wake. Mtafsiri aliyezoea kuandika "kupitwa na wakati" hana la kusema juu ya mashine ya namna hiyo.