Anzia Katikati: Namna ya Kuipima Riwaya

Usinunue riwaya kwa kusoma nyuma ya jalada. Huko kila kisa ni cha kusisimua na kila mwandishi ni mahiri. Hata sura ya kwanza usiiamini sana, maana ndiyo iliyopigwa msasa kuliko zote. Fungua katikati, mahali watu wawili wanapozungumza, usome kurasa mbili kwa sauti ya chini. Ukiwa dukani watu watakutazama. Waache.

Cha kusikiliza ni kama watu hao wanazungumza wao kwa wao, au wanakuhutubia wewe. Maradhi makubwa ya riwaya zetu ni hotuba. Tuseme mke amepata habari kwamba mumewe ameoa mke wa pili mtaa wa pili. Mwandishi wa aina moja atamsemesha hivi: "Kitendo hiki ni dhuluma kwa wanawake wote, na jamii isiyowathamini wanawake haiwezi kuendelea." Mwandishi mwingine atamwacha anyamaze mpaka mume amalize kula, kisha aseme: "Chai imo kwenye chupa. Sukari imekwisha, labda huko unakolala ipo." Yule wa kwanza ana msimamo mzuri, wala sina ugomvi nao, ila simwoni mtu. Wa pili namwona mpaka anavyojifunga kanga.

Maradhi haya yana chanzo, nacho ni mtihani. Kenya, riwaya ikishateuliwa kutahiniwa, kama ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri na baadaye Nguu za Jadi, vitabu vya miongozo hufuata mara moja, vyenye maudhui, sifa za wahusika na tamathali za usemi zote zimepangwa tayari. Tanzania nako ni dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mwandishi anayetamani kitabu chake kifike darasani hujifunza haraka kinachotakiwa: ufisadi, ukimwi, elimu ya mtoto wa kike, ukabila, na kila jambo lipewe msemaji wake. (Ndiyo, najua kwamba haya nayo ni mwongozo. Lakini huu hauna majibu kurasa za mwisho.)

Jina la mhusika nalo huvujisha mengi. Katika Kidagaa Kimemwozea, Ken Walibora ana Amani na Imani, ana Mtemi Nasaba Bora, na majina hayo yanakwambia la kutarajia kabla mwenye jina hajatia mguu mlangoni. Kwangu mimi aliye hai hasa humo ni Majisifu, ingawa naye amebandikwa jina la majazi. Ni mwalimu, mlevi, aliyeuiba mswada wa Amani akautoa kwa jina lake. Jina lake linasema anajisifu, lakini mwenyewe tunamkuta amebeba aibu asiyojua pa kuitua. Mhusika akilishinda jina alilopewa, mwandishi amefanya kazi.

Riwaya ninayoirudia kila mara kwa kipimo hiki ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, anaikimbia ndoa hiyo na kujikuta Ng'ambo, nyumbani kwa Mwajuma. Mwandishi mwenye haraka angemgeuza Yasmin kuwa nembo ya Zanzibar inayodai uhuru, na kazi ikaishia hapo. Shafi anamwacha awe msichana. Anapenda raha, anaogopa, anafanya mambo kwa sababu anampenda Denge, mpigania uhuru, na si kwa sababu ameielewa siasa yake, na yapo anayoyataka ambayo chama chochote hakiwezi kumpa. Mwajuma naye hana nadharia yoyote. Ana chumba, ana ulimi, ana taarabu, na akiingia tu ukurasa unachangamka. Kasoro ya kitabu, kwa maoni yangu, ni Denge mwenyewe: akianza kueleza ukoloni, namwona Shafi kasimama nyuma yake akimsomea maneno. Linganisha na Haini, ya mwaka 2003. Shafi aliwahi kutiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, na riwaya hiyo ni ya siasa kuliko Vuta N'kuvute, lakini hotuba hainichoshi humo. Ndani ya seli nani atamhutubia nani?

Kipimo kingine: lugha hii ni ya nani? Nimechoka na dereva wa bodaboda wa Eldoret anayesema kama shehe wa Wete, na methali tatu kwa kila aya. Kiswahili cha mapambo si kosa. Siku Njema ya Walibora, ya mwaka 1996, imejaa mapambo, na bado inasimama, kwa kuwa msimulizi wake ni Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, kijana anayejivunia Kiswahili chake kuliko kitu kingine chochote alicho nacho. Madoido yale yana mwenyewe. Waliomwiga walichukua madoido wakamwacha Kongowea, ndiyo maana nusu ya riwaya zilizofuata zinasikika kama insha ya mwanafunzi bora.

Riwaya ngumu zinahitaji subira ya aina yake. Euphrase Kezilahabi alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, kisa cha moja kwa moja kilichopigwa marufuku shuleni kwa muda. Miaka 20 baadaye alikuwa ameshatoa Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo wengi huviweka chini kabla ya kufika mbali. Mimi Nagona sidai kuielewa yote. Ninachojua ni kwamba hata nisipoelewa, naona: kuna njia, kuna mtu, kuna kitu mbele yake. Nikirudi, naona zaidi. Ugumu wa bandia haufanyi hivyo. Utautambua kwa mhusika asiye na jina anayevuka jangwa, akakutana na Utandawazi kavaa suti. Ukishalifumbua fumbo, kimebaki kijikaratasi cha siasa. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, inapita karibu sana na shimo hilo. Kejeli yake ndiyo inayoiokoa.

Riwaya pendwa usizidharau. Hussein Tuwa anajua kukufungulia mlango wakati unataka kulala, na wasomi wengi wanaomcheka hawawezi kukifanya hicho kwa ukurasa mmoja. Nazipima kwa jambo moja tu: je, hatari inatokana na uamuzi wa mtu, au bunduki imeletwa kwa sababu mwandishi amekwama?

Uhariri. Nimewahi kusoma riwaya ambamo shangazi aliyezikwa mwanzoni anakuja kupika pilau harusini, na si kitabu cha mizimu. Ukikuta jina la mtu limebadilika herufi mara mbili ndani ya sura moja, rudisha kitabu. Kama mchapishaji hakukisoma, kwa nini ukisome wewe?

Mwisho ndio unaowashinda wengi, hata walioandika vizuri kurasa 200. Mwovu anashikwa, aliyepotea anapatikana, na mzee mmoja anakusanya watu awaeleze walichojifunza. Baada ya hayo isome Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapakiwa kwenye treni na tajiri Aziz, anayemdhania jamaa yao. Msimulizi hatuambii kwamba mtoto amewekwa rehani kwa deni la babake. Tunangoja pamoja naye, mpaka Khalil dukani anamkatia maneno kwamba huyo si jamaa yako, mwite seyyid. Kurasa za mwisho askari wa Wajerumani wanapita wakikusanya watu, na Yusuf anawakimbilia kwa miguu yake mwenyewe. Gurnah hasemi kwa nini, na hakuna mzee wa kutufafanulia. Wapo wanaosema anakimbilia uhuru. Mimi naona amebadilisha bwana tu, na nilikaa na hasira naye siku kadhaa. Ukitaka kubishana nami juu ya hilo, isome kwanza.