Maktaba, Kifurushi au Robota?

Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi mbili zitumikazo katika fani ya kompyuta: maktaba na kifurushi. Zote hutaja msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao mwandishi wa programu huutafuta, husoma maelezo yake, kisha huutumia pasipo kuuandika upya.

Maktaba, kwa asili yake, ni mahali pa vitabu. Lugha ya R imehifadhi maana hiyo: maktaba ni mahali katika kompyuta panapowekwa vifurushi. Katika lugha ya C, maktaba ni msimbo wenyewe. Mfasiri akiita maktaba hata hazina za mtandaoni kama CRAN, au PyPI ya lugha ya Python, mwanafunzi ataambiwa apakue maktaba kutoka katika maktaba na kuiweka katika maktaba. Sentensi hiyo ina sarufi, lakini haimfundishi kitu.

Kifurushi nacho kina kasoro. Huko Musoma na Bunda, kama kwingineko nchini, kifurushi ni data na muda wa maongezi wa simu: hununuliwa, hutumika, huisha. Mwalimu atakayesema, "Tumieni kifurushi chenu kupakua kifurushi hiki," atawachanganya wanafunzi wake. Isitoshe, sehemu kubwa ya msimbo huo hutolewa bure, wala hauishi muda.

Kwa maoni yetu, neno lifaalo lipo. Mkoa wa Mara hulima pamba, na wakulima wa Bunda wanalijua robota. Robota hufungwa, hutiwa alama, huwekwa bohari, na hufunguliwa panapohitajika. Ndivyo ulivyo msimbo huu. Tunapendekeza, basi, robota kwa kinachopakuliwa, bohari kwa hazina ya mtandaoni, na maktaba ibaki kwa mkusanyo wa msimbo unaoitwa na programu.

Huenda ikasemwa kwamba robota huleta fikra ya uzito, ilhali msimbo mwingine ni mistari michache tu. Lakini ukubwa si sifa bainifu ya dhana hii. Kufungwa pamoja ndiko.

Wala kurekebisha si aibu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hatuna budi kuzipima istilahi hizi sasa, kabla hazijaota mizizi katika vitabu vya shule.