Neno Linapoharibu Sampuli: Uhakiki wa Kiswahili cha Maabara Fizi na Baraka

Makala haya mafupi yanahakiki Kiswahili cha kuelezea namna ya kuchukua majimaji yatokayo kwenye chuchu ili seli zake zichunguzwe kwa darubini, njia ambayo George Papanicolaou aliiandikia mwaka 1958. Katika Fizi na Baraka, muuguzi hufundishwa kwa Kifaransa, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo mgonjwa huyo nyumbani huzungumza Kibembe. Mfasiri basi ni muuguzi mwenyewe, tena bila maandalizi.

Kwanza, jina. Ziwa ni Tanganyika iliyo mbele ya Baraka, na pia ni kiungo cha mwili. Wingi wake, maziwa, ni hayo yote pamoja na kinywaji. Asemaye "majimaji ya maziwa" hajabainisha kama yanatoka kwenye matiti au yanafanana na maziwa. Tofauti si ndogo. Majimaji meupe yatokayo matiti yote mawili kwa kawaida si dalili ya saratani. Yenye damu, au maangavu, yatokayo yenyewe katika tundu moja la titi moja, yanadai uchunguzi zaidi. Tunapendekeza "majimaji ya chuchu", kisha itajwe rangi na upande.

Pili, kitenzi. Tone hupokewa kwa kioo chembamba na kuenezwa taratibu. Iwapo itatumika rangi ya Papanicolaou, kioo hutumbukizwa papo hapo katika alkoholi ya asilimia 95. Agizo "gandisha" humpeleka msikilizaji kwenye barafu. "Kausha" humrudisha kwenye kioo cha malaria, ambacho huachwa kikauke hewani. Seli zikikauka huharibika umbo, na mwenye darubini hukosa cha kusoma. Heri kusema "tumbukiza kikiwa kibichi", kama tusemavyo nguo mbichi. Hali kadhalika, "andika jina" haitoshi: liandikwe kwa penseli juu ya kioo chenyewe, kwani alkoholi hufuta wino, pamoja na neno kulia au kushoto.

Tatu, jibu. "Wewe ni mzima" si tafsiri ya "seli za saratani hazikuonekana". Kipimo hiki peke yake hakitoshi kuondoa shaka ya saratani. Mwenye uvimbe au damu akiambiwa ni mzima, hatarudi mpaka awe amechelewa.

Wapo watakaodai kwamba kiini ni uhaba wa istilahi. Hatukubaliani nao. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maneno seli na sampuli si mageni tena. Kinachokosekana ni sentensi zilizojaribiwa. Wanafunzi wetu wa isimu hawana budi kuandika maagizo haya pamoja na wauguzi, kisha kumwomba msikilizaji ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kuyarudia sawasawa, sentensi ndiyo isahihishwe.