Mkono wa Kijuma na Kioo cha Simu

Muhamadi bin Abubakar Kijuma wa Lamu (takriban 1855–1945) alichonga milango, alipiga muziki, alitunga mashairi, na alinakili tendi kwa khati za Kiarabu. Nakala zake nyingi leo haziko Lamu. Ziko London, katika chuo cha SOAS, na nyingine ziko Ujerumani, kwa kuwa walioziagiza ni watu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Sasa hati kadhaa za Kiswahili za SOAS zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mjukuu wa mtu wa pwani aliyeko Maskati au Cardiff aweza kuzifungua usiku, akiwa kitandani.

Hiyo ni neema, wala siidharau. Zamani hati hizi zilisomwa na mwenye nauli na barua ya utambulisho. Lakini picha imeanza kuchukuliwa kuwa ndiyo hati yenyewe. Katika nyumba zetu za ughaibuni karatasi za mababu hupigwa picha kwa simu, hutumwa kwa jamaa, kisha kasha humwagwa, maana "zimeshahifadhiwa".

Ukiuliza ni kipi kinachopotea, aghalabu utajibiwa harufu ya karatasi na baraka za mkono wa mzee. Sizikatai. Lipo jambo la kihistoria zaidi.

Khati ya Kiarabu ina alama za irabu tatu, fataha, kasra na dhumma, na Kiswahili kina irabu tano. Haina pe wala che, na waandishi wa zamani mara nyingi waliiacha meem iliyotangulia be. Neno lililoandikwa kwa be mbili zenye fataha laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Kwa hiyo mnakili hakuwa akihamisha herufi tu. Alikuwa akilisikia shairi kichwani na kuamua. Wengine walibuni alama za kuwasaidia wasomaji, kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye juhudi zake ndizo zilizotufikishia mengi ya mashairi ya Muyaka kupitia kwa W. E. Taylor. Ndiyo sababu nakala mbili za utendi mmoja hazilingani. Kijuma mwenyewe alinakili tendi zile zile zaidi ya mara moja, kwa wateja mbalimbali. Mashine ikitoa nakala elfu, hakuna ndani yake mtu aliyesita kwenye neno.

Tusimfanye Kijuma walii. Kazi hii ilikuwa riziki yake, alimjua mteja wake, na mapambo ya kurasa alizowaandikia Wazungu yalikuwa sehemu ya bidhaa. Wapo wanaoona kwamba hilo linaipunguza thamani sanaa yake. Mimi naona linaiongeza, kwa kuwa linatuonyesha kazi ya mkono ya pwani ikiwa na bei na mnunuzi wa ng'ambo kabla ya maduka ya watalii. Tena aliyepamba ukurasa ndiye aliyepasua mbao kwa patasi. Mwenye kuutazama ukurasa huo asisahau mlango.

Madukani siku hizi zinauzwa aya zilizochapwa kwa mashine juu ya kitambaa, za kutundika ukutani. Ni safi, kila alifu sawa na mwenziwe. Usawa huo ndio unaonichosha: baada ya wiki jicho halizioni tena.

Turudi kwenye kasha. Picha ya simu aghalabu huchukua upande mmoja. Haichukui hesabu ya deni iliyoandikwa nyuma, wala mshono wa kitabu, wala wino uliokwangurwa na kuandikwa upya. Karatasi nyingi zililetwa pwani kwa meli, na alama ya kiwanda huonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Kwa hati isiyo na tarehe, mara nyingine alama hiyo ndiyo inayotoa makadirio ya umri. Mwenye kasha la namna hiyo nyumbani, awe Ruwi au Leicester, apige picha pande zote mbili, aandike nyuma ya bahasha jina la aliyemrithisha, kisha alifunge mahali pakavu.