Kabureta au EFI? Jibu liko nyuma ya kiti

Pikapu za Chevrolet C10 zilizotengenezwa kati ya 1967 na 1972 ni miongoni mwa zinazofufuliwa sana Marekani. Mtu hununua bodi iliyoanza kuliwa na kutu, akaishusha chini, akaipiga rangi, kisha akaweka injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, iliyofumuliwa na kuundwa upya. Mpaka hapo mafundi wote wanaelewana. Ubishi huzuka wanapofika juu ya manifoldi: iwekwe kabureta au EFI, yaani mfumo wa kudunga mafuta kielektroniki?

Wengi hulianza jambo hili kwa kuuliza nguvu, na ndipo wanapopotea. Kwa injini ya barabarani ya aina hii, kabureta iliyopimwa vizuri haipitwi kwa kitu cha maana pale mafuta yanapokanyagwa mpaka mwisho. Mashindano makuu ya NASCAR yaliendeshwa kwa kabureta hadi msimu wa 2011, kwa magari yanayopita kilomita 300 kwa saa. EFI iliingia mwaka 2012. Wala kudunga mafuta si kitu cha juzi: Chevrolet yenyewe iliuza V8 ya kudunga mafuta, Ramjet, tangu 1957, uliokuwa wa kimekanika, na pikapu kubwa za GM zikaanza kupata mfumo wa kudunga unaoendeshwa na kompyuta mwaka 1987.

Kinachoharibu sifa ya kabureta ni tamaa ya ukubwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua 350, zidisha kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, gawanya kwa 3,456. Unapata futi za ujazo 557 za hewa kwa dakika, na hiyo ni endapo silinda zingejaa kikamilifu. Injini ya kawaida hujaa kama asilimia 85, kwa hiyo mahitaji halisi ni kama 473. Kabureta ya 600 inatosha na kubaki. Lakini dukani ya 750 imekaa ubavuni mwake, inang'aa, na mnunuzi anaona aibu kuondoka na ndogo. Matokeo yake hewa inapita polepole kwenye koo la kabureta, mvuto unapungua, petroli haivutwi sawasawa, na pikapu ya maelfu ya dola inagugumia kila taa zikiwaka kijani.

Kosa la pili limejificha ndani. Kabureta nyingi za kampuni ya Holley hutoka kiwandani zikiwa na vali ya nguvu yenye alama 6.5, maana yake hufunguka na kuongeza mafuta mvuto wa manifoldi ukishuka chini ya inchi 6.5 za zebaki. Mwenye gari akiweka kemshafti kali, ile inayofanya injini itetemeke gari likiwa limesimama, mvuto unaweza kushuka hadi 6. Hapo vali inabaki wazi hata gari likiwa limesimama, plagi zinageuka nyeusi kwa masizi, na lawama zote zinaiangukia kabureta. Mafundi hupima mvuto injini ikizunguka polepole, kisha huchagua vali yenye namba iliyo karibu na nusu ya kipimo hicho. Ni kazi ya geji moja na bisibisi.

Ila kuna mahali ambapo kabureta haina jibu, nako ni mlimani. Hewa inapokuwa nyepesi, jeti, yaani tundu la kupimia mafuta, iliyopimwa pwani humwaga mafuta kupita kiasi. Mwongozo wa Holley ni kupunguza jeti saizi moja kwa kila futi 2,000, kama mita 600, za kupanda. Anayeishi Denver, mita 1,600 juu ya bahari, anaweza kupima mara moja akamaliza. Anayeshuka na kupanda kila wiki hawezi kubeba boksi la jeti. Aliyewahi kupandisha gari la kabureta kutoka Mombasa hadi Limuru anaijua kero hiyo. EFI hupima shinikizo la hewa na oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi, ikajirekebisha yenyewe safarini.

Ndiyo maana vifaa kama Holley Sniper vimependwa. Vinakaa palepale palipokuwa na kabureta, injekta nne na kompyuta vikiwa katika boksi moja, na sensa ya oksijeni ikichomekwa kwenye bomba la ekzosi. Picha za matangazo huonyesha kazi ya alasiri moja. Kazi yenyewe haiko pale juu.

Iko nyuma ya kiti. C10 za miaka hiyo zina tangi la mafuta ndani ya kebini, mgongoni mwa dereva, na pampu ya kimekanika ubavuni mwa injini inayotoa kama psi 6. Sniper inataka karibu psi 58. Hiyo ni karibu mara kumi, na mipira iliyohimili shinikizo la kwanza haifai kuaminiwa kwa la pili. Inahitajika pampu ya umeme, bora iwe imezama ndani ya tangi ili ipozwe na petroli, mpira wa daraja la EFI, na mara nyingi bomba la kurudisha mafuta. Mwenye busara hutumia nafasi hiyo kulitoa tangi kebini na kulihamishia chini ya sehemu ya mizigo. Kisha unakuja umeme: kompyuta inataka waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, ethi (waya wa ardhi) safi, na kukaa mbali na kelele za waya za plagi. Mengi yanayoitwa ubovu wa EFI huanzia kwenye ethi iliyofungwa juu ya rangi.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Injekta zilizo juu ya manifoldi bado hugawa mafuta kwa njia ileile ya kabureta. Silinda ya pembeni inaweza kupata kidogo na ya katikati ikazidishiwa. Sensa moja husoma wastani wa silinda nne za upande wake, haijui ipi ina njaa. Anayetaka faida kamili ya kudunga mafuta hana budi kuwa na injekta kwa kila silinda, na pengine itamfaa zaidi kuchukua V8 ya lita 5.3 iliyotoka kwenye Silverado ya 1999 na kuendelea, ikiwa na manifoldi, kompyuta na waya zake zote.

C10 ya kutembea Jumamosi kwenye tambarare, yenye 350 na kemshafti ya wastani, ipewe kabureta ya 600 na siku nzima ya kupimwa. Ya kwenda kazini kila siku, baridi na joto, bonde na mlima, ipewe EFI, kwa sharti kwamba bajeti ya tangi, pampu na nyaya itengwe kabla ya kununua boksi la juu. Asiye tayari kuligusa tangi, abaki na kabureta.