Samaki Wenyeji au Samaki wa Asili? Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Mitoni

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya utafiti wa samaki wa mitoni hukutana mapema na dhana chache zinazoonekana nyepesi, naye huzipachika visawe vinavyomjia kwanza: samaki wa asili, idadi, usampulishaji, uvuvi wa umeme. Katika makala haya tunakusudia kuvipima visawe hivyo vinne. Mahali pa kuvipimia ni bonde la mto Colorado, magharibi ya Marekani, kwa kuwa huko jina baya liliwahi kuua samaki kwa wingi.

Mwezi Septemba 1962, kabla bwawa la Flaming Gorge halijaanza kujaa, mto Green, ambao ni tawi kuu la Colorado, ulitiwa rotenoni. Mto na vijito vilivyotiwa sumu hiyo vilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 700. Rotenoni ni ya jamaa moja na sumu ya utupa, mmea ambao wavuvi wetu waliujua kabla ya maabara. Lengo lilikuwa kuwaondoa samaki waliokuwamo ili mahali pao wapandikizwe trauti, kipenzi cha wavuvi wa ndoana. Walioondolewa waliitwa, katika lugha ya wataalamu wa uvuvi wa wakati ule, samaki takataka. Miongoni mwao alikuwamo Ptychocheilus lucius, ambaye zamani aliweza kufikia urefu wa karibu meta 1.8. Mwaka 1967, yaani miaka mitano tu baadaye, samaki huyohuyo aliingizwa katika orodha ya Serikali ya Marekani ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Walowezi walikuwa wakimwita salmoni mweupe, ingawa si salmoni. Na jina lake la kawaida la Kiingereza, lililokuwa na neno la kumdunisha mwanamke wa Wenyeji wa Marekani, lilibadilishwa mwaka 1998. Asemaye kwamba jina ni jina tu na atazame mto huo.

Tuanze basi na 'samaki wa asili'. Sokoni kwetu maneno hayo humaanisha samaki asiyefugwa bwawani. Lakini trauti aliyezaliwa mwenyewe katika Colorado hakufugwa na mtu, na hata hivyo ni mgeni: wazee wake waliletwa. Kinyume chake, baadhi ya samaki walio haba kabisa katika bonde hilo, kama Gila elegans, hutotolewa na kukuzwa katika vituo kisha hurudishwa mtoni. Hao ni wa kufugwa, lakini mto ni wao. Ni dhahiri kwamba zipo jozi mbili za dhana hapa, na 'asili' inazichanganya. 'Wazawa' nalo halifai, maana trauti huyo ni mzawa bila shaka yoyote. Kwa maoni yetu 'samaki wenyeji' dhidi ya 'samaki wageni' litatosha, mradi fasili iseme wazi kwamba mwenyeji ni yule aliyefika majini humo pasipo mkono wa binadamu. Neno 'asili' tuwaachie wauza samaki.

'Idadi' ni kosa jepesi zaidi, lakini limeenea. Anayeliweka mahali pa dhana ya kundi la samaki wa jinsi moja wanaozaliana mahali pamoja atajikuta anaandika 'kukadiria idadi ya idadi'. Kundi lina idadi. Halipaswi kuitwa idadi. Gila cypha, samaki mwenye nundu, ana kundi lake kubwa linalozalia katika Little Colorado, na wingi wa kundi hilo hupatikana kwa hesabu tu. Tuseme samaki 200 wametiwa alama na kuachiwa. Baadaye wakanaswa 150, na 30 kati yao wakaonekana kuwa na alama. Kundi zima hukadiriwa kuwa 1,000. Makadirio ya namna hii yalichangia uamuzi wa mwaka 2021 wa kumshusha samaki huyo daraja moja la hatari. Mfasiri aliyekwisha kuchanganya kundi na idadi hawezi kuyaeleza.

Kuhusu 'usampulishaji' tutasema machache. 'Sampuli' ni neno letu la siku nyingi, lakini kiambishi cha kusababisha hakina kazi hapo: hakuna anayesababishwa kuwa sampuli. 'Utwaaji sampuli' linatosha. Wengine wangependa 'kuonja', kama mpishi aonjavyo mchuzi. Mpishi, hata hivyo, hukoroga kwanza. Mto haukorogwi, na samaki wa kwenye maporomoko si wale wa kwenye vidimbwi vilivyotulia.

'Uvuvi wa umeme' ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Mtafiti hupitisha umeme majini, samaki huvutwa kuelekea kwenye ncha chanya na kupumbaa, hutekwa kwa wavu wa mkono, hupimwa, hutiwa alama na kuachiwa. Hakuna kitoweo. Mvuvi huvua ili ale au auze. Na masikioni mwa watu wa mwambao istilahi hii itasimama ubavuni mwa uvuvi wa baruti. Tunapendekeza 'unasaji kwa umeme'. Isidhaniwe kwamba tunataka kuisafisha njia yenyewe: umeme huweza kuvunja uti wa mgongo wa samaki, huwapata wakubwa kuliko wadogo, na katika maji ya matope yaliyopumbaa humo hayaonekani. Mapungufu hayo yaandikwe katika fasili, yasifichwe wala yasitiwe ndani ya jina.

Vyombo vingine vya kazi hiyo havihitaji istilahi mpya. Wavu wa kukokota ni juya huko pwani na kokoro katika Ziwa Viktoria. Wavu wa kutupa ni kimia. Jarife, dema na mgono vipo tangu zamani. Tumeshangazwa na wafasiri wanaoviruka vyote na kuandika 'chombo cha kunasia aina ya kwanza' na 'aina ya pili'.

Limebaki hilo la takataka. Furu wa Ziwa Viktoria nao wamepata kuitwa hivyo kwa Kiingereza, katika taarifa zilizoandikwa kabla sangara hajawamaliza wengi wao. Neno hilo likitokea katika maandishi ya zamani, lifasiriwe katika alama za mtajo, na mwaka wake utajwe. Katika orodha ya istilahi zetu lisiingizwe.