Sikio la Pili

Ukipanda matatu ya Kitale kwenda Bungoma utaona minara ya simu ikichungulia juu ya mahindi, Kiminini, Kamukuywa, hadi Webuye chini ya Chetambe. Wengi husifu kimo chake. Mimi hutazama makasha meupe yaliyofungwa juu.

Wimbi la simu halisafiri kwa njia moja. Jingine huja moja kwa moja, jingine hugonga mabati, jingine mwamba, jingine hupenya mahindi yenye umande. Yakikutana, ama hubebana, ama hufutana kabisa. Ndiyo maana mtu anayesubiri ujumbe wa pesa husogeza simu kidogo tu, nao ukaingia. Si uchawi. Kwenye megahezi 1800 wimbi lina urefu wa sentimita 17 hivi. Nusu yake, kama kidole cha kati, yatosha kukutoa kwenye shimo la mawimbi yaliyofutana.

Fundi aliyelijua hilo haongezi kelele, huongeza sikio, yaani antena ya pili. Ikiwa kila antena hupoteza wimbi mara 1 kati ya 10, na kila moja hupotelewa kwa wakati wake, zote mbili hukosa mara 1 tu kati ya 100. Wahandisi Beverage na Peterson wa kampuni ya redio ya RCA waliandika habari za ufundi huu mwaka 1931. Zamani masikio ya mnarani yalitenganishwa kwa mita kadhaa. Siku hizi mawili hukaa kasha moja, yakiinama nyuzi 45, hili kulia na lile kushoto, kwa kuwa wimbi lililogongana na vitu njiani hufika limepinda huku na huku. Kisha mtambo hufanya kama mzee wa baraza: hamfukuzi shahidi mwenye sauti hafifu, humpima, akampa uzito wake.

Lakini hesabu yote hiyo huharibiwa na tone la maji. Nje kidogo ya Bungoma nilimtazama fundi, mvua ikinukia kutoka Elgon, akifunga kiungo cha waya kwa utepe. Alianza chini akipanda, kila mzingo ukiulalia ule wa chini yake, maji yateremke bila kupata upenyo. Ndivyo nyumba ya nyasi inavyoezekwa, kuanzia upenuni. Alipofika juu alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kisha akahamia kiungo cha pili, akaanza tena chini.